Kijiti cha TV si kibaya, angalia kilichopakiwa ndani

Jumapili moja baada ya Alasiri, wanangu wawili na binamu zao walikuwa wamejipanga kwenye mkeka sebuleni, kila mmoja na jezi yake, wakitazama mpira. Kama dakika ya 20 hivi picha ikaganda, kisha runinga ikawa nyeusi tititi. Nilimpigia kijana aliyeniuzia kijiti. Akaniambia mitambo imefungwa, nitume pesa nyingine anifungulie upya. Nilipopiga tena jioni ili nimuulize mitambo gani hiyo, simu haikupatikana, na mpaka leo haijapatikana.

Kijiti chenyewe nilikinunua miezi mitatu kabla ya hapo. Niliambiwa nilipe mara moja tu, nitazame chaneli zote za dunia. Mtu mzima mimi, diploma imetundikwa ukutani, nikaamini. Majirani kadhaa wameniuliza tangu siku hiyo kama vijiti hivi vinafaa au ni utapeli mtupu. Jibu langu ni kwamba vinafaa sana, na ninacho kimoja nyumbani hadi sasa. Tatizo halikuwa kijiti.

Kwa asiyekijua, ni kifaa cha ukubwa wa kidole kinachochomekwa nyuma ya runinga kwenye tundu la HDMI. Ndani yake mna kompyuta ndogo kama ile iliyo kwenye simu yako, pamoja na Wi-Fi. Runinga ya kawaida, hata ya miaka kumi iliyopita, mradi ina tundu hilo, inageuka kuwa ya kisasa. Huhitaji dishi wala antena juu ya paa. Picha inakuja kwa intaneti, ndiyo maana wanaita kutiririsha: filamu haipakuliwi yote kwanza, inatiririka kidogo kidogo huku unaitazama.

Google walitoa Chromecast mwaka 2013 kwa dola 35 za Marekani. Mwaka uliofuata Amazon wakatoa Fire TV Stick, na jina hilo ndilo lililoshika, hata sasa mtu akiona kijiti chochote madukani anakiita Fire Stick. Chromecast iliacha kutengenezwa mwaka 2024. Zilizopo bado zinafanya kazi, lakini ukiambiwa ni toleo jipya kabisa, mcheke muuzaji kwa adabu.

Vingi vya huku kwetu vinaletwa na ndugu na jamaa wanaofanya kazi Dubai na kwingineko Ghuba. Plagi ya kule ni ya pini tatu kama yetu, kwa hivyo hapo hamna shida. Shida ni duka la programu, maana kijiti hukuonyesha programu kulingana na nchi iliyoandikwa kwenye akaunti yako. Tena si kila programu ipo kwenye kila kijiti. Kabla hujamtuma shemeji akununulie, jua kwanza unataka kutazama nini, kisha uhakikishe programu hiyo inapatikana kwenye aina hiyo ya kijiti na kwa akaunti ya Kenya.

Ukishakipata, kipe stima ya kutosha. Wengi wanachomeka waya wake kwenye tundu la USB la runinga ili kupunguza nyaya, halafu wanalalamika kijiti kinajizima na kujiwasha chenyewe. Matundu mengi ya runinga hutoa nusu ampea tu, na vijiti vingi vinataka ampea moja. Tumia adapta iliyokuja nacho.

Sasa tuje kwenye intaneti, maana hapo ndipo furaha au majuto yanapoanzia. Sisi wa Mombasa tuna kichekesho chetu. Nyaya za baharini zinazoleta intaneti Kenya zinatia nanga kwetu: SEACOM na TEAMS, ile inayotoka Fujairah, zote zilifika hapa mwaka 2009. Intaneti ya Nairobi inapita mlangoni kwetu, na bado mtu wa Mji wa Kale anatazama kiduara kikizunguka kwenye skrini. Mara nyingi kosa ni la ukuta. Nyumba zetu za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, kuta nene zinazotupa ubaridi mchana kutwa, na kuta hizo hizo zinameza mawimbi ya Wi-Fi. Ruta iko chumba cha mbele, runinga iko ndani, katikati mna kuta mbili, utapata nini? Ruta nyingi hutoa mawimbi ya aina mbili: ya 5 GHz, yenye kasi lakini dhaifu kwenye ukuta, na ya 2.4 GHz, ya polepole kidogo lakini yanapenya zaidi. Kama ruta na runinga viko chumba kimoja, chagua 5. Kama kuna ukuta wa mawe katikati, jaribu 2.4, au sogeza ruta. Mimi nilisogeza ruta hatua sita tu hadi kwenye ushoroba, na ugomvi wa nyumba nzima ukaisha.

Kuhusu kasi, Netflix wenyewe wanashauri Mbps 3 kwa picha ya kiwango cha 720, Mbps 5 kwa 1080, na 15 kwa ile ya 4K. Kwa hiyo huna haja ya kifurushi cha bei ya juu ikiwa mna runinga moja tu. Kwa anayetumia bando la simu hesabu ni nyingine kabisa. Picha ya kawaida inakula mpaka GB 1 kwa saa, picha safi ya HD mpaka GB 3, na ya 4K mpaka GB 7. Mechi moja pamoja na mapumziko ni kama saa mbili, basi ukitazama kwa HD unaweza kumaliza GB 6. Mechi tatu za wikendi, 18. Ndiyo maana kijiti kinamfaa zaidi mwenye intaneti ya kulipia kwa mwezi. Usipokuwa nayo, ingia kwenye mipangilio ya Netflix ushushe ubora wa picha. Vijiti vya Amazon vina pia sehemu ya kupima bando linalotumika, inayokuonya kabla halijaisha.

Nirudi kwa yule kijana wangu. Alichoniuzia kilikuwa kijiti halali kilichopakiwa programu za wizi. Mtu anaingia kwenye mipangilio, anaruhusu programu zisizotoka kwenye duka rasmi, anaweka yake inayovuta chaneli za kulipia bila idhini ya wenyewe. Mwenye chaneli akigundua, anaziba njia, na mnunuzi anabaki na giza. Baada ya kile kisa nilifungua mipangilio nikakuta jambo lililonitisha kuliko ile skrini nyeusi: kijiti kilisajiliwa kwa akaunti ya mtu nisiyemjua. Miezi mitatu kimekaa sebuleni kwangu, na kwa hesabu za Amazon si changu. Na mwanangu mkubwa, ili programu ile imkubali, alikuwa ameandika barua pepe yangu na nywila yangu, ile ile ninayotumia kwingine.

Vile vijisanduku visivyo na jina la kampuni ni hatari zaidi. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu mtandao wa wahalifu unaoitwa BADBOX 2.0, na vifaa vya bei rahisi vya kutiririsha ni miongoni mwa vilivyotajwa. Vingine vinatoka kiwandani na kirusi tayari, vingine vinakipata mtu anapopakua programu za kando. Mwezi uliofuata Google walikwenda mahakamani New York, wakisema vifaa zaidi ya milioni 10 vimeambukizwa. Kirusi hicho hakihitaji kukuibia wewe moja kwa moja. Kinageuza intaneti ya nyumba yako kuwa kichochoro cha wezi, uhalifu unafanyika huko duniani na nyayo zinaonekana zimetoka kwako.

Kwenye baraza mzee mmoja aliniambia nisijisumbue, wenye ligi wamejaa pesa. Nilimjibu kwamba mali ya mtu haiwi halali kwa sababu mwenyewe ni tajiri. Tena sisi Pwani tunakumbuka kanda za waimbaji wetu wa taarabu zilivyokuwa zikinakiliwa na kuuzwa, wao wakiambulia sifa tu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, ya mwaka 2001, inamlinda mwimbaji wetu na mwenye ligi pia. Huko Uingereza, Mei 2023, wanaume watano waliokuwa wakiuza huduma ya namna hii walihukumiwa vifungo ambavyo kwa jumla vinapita miaka 30.

Kama tayari unacho cha aina hiyo, si lazima ukitupe ikiwa ni cha kampuni inayojulikana. Kwenye Fire Stick, shikilia pamoja kitufe cha kurudi nyuma na upande wa kulia wa duara la rimoti kwa sekunde 10, kitajifuta kirudi kama kilivyotoka kiwandani. Kisajili kwa akaunti yako mwenyewe. Kisha badilisha nywila zako zote, usiku huo huo. Kijisanduku kisicho na jina, mimi ningekiondoa kwenye Wi-Fi yangu bila majadiliano.

Cha halali cha kutazama kipo, ila cha mpira hakiwi bure. Ligi Kuu ya Uingereza kwa nchi zetu iko mikononi mwa SuperSport, na anayelipia DStv anaweza kuitazama kwa intaneti kupitia DStv Stream. Netflix tunayo Kenya tangu Januari 2016, na asiye na kadi ya benki anaweza kulipia kwa kadi ya Visa ya M-PESA GlobalPay. YouTube haikutozi kitu, na stesheni zetu kubwa zinarusha habari humo moja kwa moja. Mama yangu hajali lolote kati ya hayo. Yeye anatafuta filamu zake za zamani za Kihindi kwenye YouTube kwa kuisemesha rimoti, na ikimletea nyingine anaigombeza kama mjukuu.

Na ujiandae kwa jambo moja. Mpira wa intaneti huchelewa nyuma ya ule wa dishi, wakati mwingine nusu dakika au zaidi. Jirani yangu ana dishi. Wanangu sasa wakisikia kelele ukutani wanaacha kupumua, wanahesabu, na bao linaingia wakiwa wamefika 34.