Tope la Ng'ambo

Zamani, aliyetoka shamba na kikapu cha mihogo akitaka kuingia mjini Unguja alipita Darajani. Mji wenyewe ulikaa juu ya rasi ya Shangani, na upande wa mashariki uliingia mkono wa bahari, maji yakijaa na kupwa, mpaka rasi ikawa karibu kisiwa. Upande wa bahari kuu palisimama majumba ya mawe na chokaa: kasri za masultani, nyumba za mabalozi, maghala ya pembe na karafuu. Ukishavuka daraja kuelekea mashariki ulikuwa umefika Ng'ambo.

Leo mkono huo wa bahari haupo. Ulifukiwa kipande baada ya kipande, na kazi ikamalizika katika miaka ya 1950. Juu ya kifusi chake pana barabara kubwa, soko na vituo vya daladala, na kijana anayevuka hapo kila siku huenda hajui kwamba anatembea juu ya bahari. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka mia moja, maji yale yalitumika kugawa watu. Waliokaa upande wa mawe walihesabiwa kuwa na mji, na waliokaa upande wa pili wakahesabiwa kuwa na uchafu, maradhi, uvivu na fujo. Sifa hiyo iliandikwa katika ripoti za madaktari na makaratasi ya maofisa, ikarudiwa barazani, na hatimaye ikazoeleka kama jambo lisilohitaji ushahidi. Ushahidi, hata hivyo, upo, na unaonyesha mambo mengine.

Tuanze na uchafu, kwa kuwa ndio uliosemwa zaidi. David Livingstone alipopita Unguja mwaka 1866 alilalamikia uvundo mkali, akafika hata kuligeuza jina la Zanzibar kuwa jina la uvundo. Lakini kilichomkera kilikuwa taka zilizotupwa ufukweni na wakazi wa mji, chini ya madirisha ya majumba makubwa. Ng'ambo wakati huo palikuwa bado na viunga, mashamba ya minazi na nyumba zilizoachana. Harufu ya mji wa mawe ilikuja kusahaulika, na lawama yake ikavushwa daraja.

Ng'ambo ilijaa baadaye, na sababu zake zinajulikana. Mwaka 1873 soko la watumwa lilifungwa. Mwaka 1897 hali ya utumwa ikaondolewa kisheria, ingawa masuria walisubiri hadi 1909. Maelfu ya watu waliokuwa mali ya wengine wakaanza kutafuta mahali pa kuweka kichwa pasipo bwana. Wengine walibaki mashambani, wengine wakaja mjini ambako palikuwa na kazi ya siku: kuchukua mizigo bandarini, kuchambua karafuu maghalani, kufua, kupika, kuchota maji, kujenga. Walikuja pia Wangazija, Washihiri, Wamanga maskini, Wahindi wenye vijiduka na watu wa bara wa makabila mengi. Kila alfajiri umati ulivuka Darajani kwenda kuuendesha mji, na jioni ukarudi. Mtu akitaka kuita watu hao wavivu, aeleze kwanza nani alipakia karafuu melini.

Nyumba walizojenga zinastahili kuelezwa taratibu, maana ndizo zilizoitwa vibanda. Fundi alianza kwa kusimamisha nguzo za mikandaa, akafunga fito kwa kamba mpaka ukuta ukawa kama wavu mkubwa. Kisha ikaja siku ya kukandika. Udongo mwekundu ulikanyagwa kwa miguu hadi ukalainika, majirani wakaja, wengine kuchota maji, wengine kupokezana matonge, na mwenye nyumba akapika. Wenye uwezo walimalizia kwa chokaa. Juu waliezeka makuti, ambayo yalipunguza joto kuliko mabati yaliyokuja baadaye. Ndani palikuwa na ukumbi wa kati, vyumba huku na huku, na nyuma uwani wenye jiko, kisima na choo. Mbele ilikaa baraza. Nyumba ya namna hiyo ingeweza kumchukua mwenyewe na familia yake, na vyumba viwili vitatu vikapangishwa kwa wageni waliotoka bara au shamba. Wengi wa wenye nyumba hizo walikuwa wanawake, na kwa mwanamke aliyekuwa mjakazi jana, kumiliki paa na kupokea kodi ya chumba yalikuwa maisha mapya kabisa.

Isitoshe, mpaka wenyewe haukuwa safi kama ramani zinavyodai. Ndani ya mji wa mawe palikuwa na nyumba za udongo, na Ng'ambo palikuwa na nyumba za mawe. Maskini na tajiri waliishi pande zote mbili. Waingereza, baada ya kuitwaa Zanzibar kuwa nchi ya ulinzi mwaka 1890, ndio walioukaza mstari huo. Mwaka 1913 alikuja mtaalamu wa afya, William John Simpson, aliyezunguka Afrika Mashariki akipendekeza watu watenganishwe kwa rangi, na baina yao yaachwe maeneo ya wazi ili maradhi yasivuke. Uwanja wa Mnazi Mmoja, uliokaa kati ya mji na Ng'ambo, ulifaa sana kwa fikra hiyo. Miaka kumi baadaye, 1923, mpangaji miji H. V. Lanchester akatoa mpango wake wa mji wa Zanzibar. Naye aliuona mji kwa mafungu ya watu, na sehemu kubwa ya aliyoyapendekeza kwa ajili ya Ng'ambo ilibaki karatasini.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Ng'ambo ilijengwa kwenye ardhi ambayo sehemu zake ni bonde, maji ya mvua yakituama na maji ya bahari yakipanda. Mahali kama hapo panahitaji mitaro kuliko penginepo. Lakini fedha za mitaro, taa na mabomba zilitangulia upande wa mawe. Mvua za masika ziliponyesha, njia za Ng'ambo zikawa tope, mbu wakazaliana, watoto wakaugua. Ofisa aliyekuja kukagua aliandika alichokiona, yaani tope, mbu na wagonjwa, akaongeza sababu aliyokwenda nayo tangu ofisini kwake: tabia za wenyeji. Mwaka uliofuata bajeti ilipogawanywa, ripoti ile ikawa hoja ya kutopoteza fedha kwa watu wasiojua usafi. Na masika yakarudi. Naamini hakuna kilichoiumiza Ng'ambo kuliko mzunguko huo, kwa kuwa uliwafanya waliodhulumiwa waonekane ndio waliojidhulumu.

Wenyeji hawakukaa kimya, na mgomo wa 1928 unaonyesha jinsi walivyoelewa haki zao. Kwa desturi ya Ng'ambo, nyumba na kiwanja vilikuwa mali mbili tofauti. Mtu aliweza kumiliki nyumba, kuiuza au kuirithisha, wakati ardhi iliyo chini yake ni ya mwingine. Viwanja vingi vilikuwa vya matajiri wa Kiarabu na Kihindi, na vingine vilikuwa wakfu, baadhi yake vimewekwa na mabwana wa zamani ili watu wao walioachwa huru wapate pa kuishi. Mwanzoni wengi hawakulipa chochote, au walilipa kidogo kama alama ya heshima. Kisha mambo yakabadilika. Serikali iliunda Tume ya Wakfu mwaka 1905, mji ukakua, ardhi ikapata bei, na kodi ya viwanja ikaanza kupanda. Kufikia miaka ya 1920 kulikuwa na watu waliodaiwa kodi ya ardhi ambayo wazee wao waliahidiwa kuwa ni makazi yao.

Basi mwaka 1928 Ng'ambo iligoma kulipa. Wanawake walikuwa mbele, kama ilivyotarajiwa pale ambapo nyumba nyingi zilikuwa zao. Hoja yao ilitoka katika dini na desturi: kwamba ardhi ya wakfu haikuwekwa ili imtajirishe mtu, na kwamba aliyejenga na kukaa miaka yote ana haki isiyofutwa na karatasi ya wakili. Wakubwa waliliona jambo hilo kama fujo za mitaa ya hovyo. Hata hivyo serikali ililazimika kuingilia kati na kuwekea kodi ya viwanja mipaka ya kisheria. Watu walioelezwa kuwa hawajui sheria walikuwa wamesababisha sheria itungwe.

Mwaka huohuo, kundi la wanamuziki kutoka Ng'ambo lilipanda meli kwenda Bombay kurekodi santuri. Kiongozi wake alikuwa Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, mtoto wa ukoo wa watumwa, aliyeingia mjini mwaka 1911. Kabla yake taarab ya kasri iliimbwa kwa Kiarabu. Siti, pamoja na wenzake kina Subeti Ambari, Budda Swedi, Mwalim Shaaban na Mbaruk Talsam, aliimba kwa Kiswahili cha mtaani kwake, na mambo ya mtaani kwake: mapenzi na usaliti, mahakimu wasiotenda haki, mwanamke mgeni aliyeuawa na muuaji akatoroka. Santuri zake zilisikilizwa pwani yote. Mwandishi Shaaban Robert alipoandika wasifu wa Siti alikuwa anaandika habari za mwanamke ambaye kila alama ya kudharauliwa alikuwa nayo: utumwa wa wazazi, umaskini, kutosoma, na makazi ya Ng'ambo. Mtu anayetafuta kujua Zanzibar ilisikikaje duniani katika zama hizo, atasikia sauti iliyotoka kwenye nyumba zile za udongo.

Miaka ishirini baadaye, 1948, wachukuzi wa bandarini waligoma na mji mzima ukasimama. Adam Shafi aliuweka ulimwengu huo wa makuli katika riwaya yake ya Kuli, na msomaji anayetaka kuuona kwa ndani aanzie huko.

Vita Kuu ya Pili ilipoisha, serikali ya kikoloni ilijaribu tena. Eric Dutton, Katibu Mkuu wa serikali, alisukuma mradi wa kuijenga upya Ng'ambo. Sehemu ya Kikwajuni iliguswa, na Raha Leo pakajengwa kituo cha jamii chenye ukumbi, na redio ikarusha matangazo yake kutoka hapo. Mradi ulikuwa na nia ya kuwatuliza na kuwafundisha watu ambao tayari walikuwa na mabaraza, misikiti, vyuo vya Kurani, vilabu vya mpira na vikundi vya taarab vya wanawake. Waliulizwa kidogo mno. Tarehe 12 Januari 1964, mapinduzi yalipoanza, jengo hilohilo la Raha Leo ndilo lililofanywa makao ya wanamapinduzi, na redio yake ikatangaza kwamba utawala wa sultani umekwisha.

Siku zile zilimwaga damu nyingi, na zilizokuwa zimetangulia pia. Katika ghasia za uchaguzi wa Juni 1961 walikufa watu 68. Wapo waliosema, na wapo wanaosema hadi leo, kwamba Ng'ambo ndiyo chimbuko la ukatili. Usemi huo si wa haki. Mauaji mengi ya 1961 yalitokea mashamba, na chuki iliyoyazaa ilipandwa na siasa za vyama vyote, magazeti ya pande zote, na utawala uliowaorodhesha watu kwa asili zao katika kila karatasi, hata za mgao wa chakula wakati wa vita.

Serikali mpya iliipenda Ng'ambo, na upendo huo nao ulibomoa. Rais wake, Abeid Karume, ambaye chama chake cha Afro-Shirazi kilikuwa na makao Kisiwandui, alitaka watu wake wakae katika majumba ya kisasa. Wataalamu kutoka Ujerumani ya Mashariki walileta michoro, na mpango wa mwaka 1968 ukachora njia pana zilizokutana Michenzani, kando yake maghorofa marefu kama ukuta. Mamia ya nyumba za udongo yalivunjwa kuyapisha. Karume aliuawa Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972 kabla kazi haijamalizika. Familia nyingi zilipata maji ya bomba na umeme kwa mara ya kwanza, na hilo si dogo. Zilipoteza uwani na baraza, na baada ya muda watu wakaanza kujenga vibaraza chini ya maghorofa, wakakaa hapo jioni kama walivyozoea.

Mwaka 2000 mji wa mawe, unaoitwa Mji Mkongwe, uliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Mstari wa urithi ulipita karibu kabisa na palipokuwa mkono wa bahari. Yaani kilichohesabiwa kuwa historia kilibaki upande uleule. Ilichukua zaidi ya miaka kumi mpaka Idara ya Mipango Miji ya Zanzibar, ikishirikiana na wataalamu wa Kiholanzi, ianze kazi iliyoitwa Ng'ambo Tuitakayo: kupima nyumba, kuandika majina ya mitaa, kuuliza nani alicheza mpira wapi na kisima kipi kilikuwa cha nani. Mwaka 2019 ilitoka atlasi nzima ya Ng'ambo, kitabu kinene ambacho kila ukurasa wake unapinga neno kibanda.

Wakati huohuo ubomoaji unaendelea. Katika mtaa wa Kwahani nyumba za zamani zimeondolewa na maghorofa mapya yamepanda, na mitaa mingine iko kwenye michoro. Wakazi wengi wanataka nyumba bora, na wana haki. Lakini waliowahi kukanyaga udongo kwa miguu na kukandika kuta zile bado wapo wachache, Mwembetanga, Mikunguni, Kisimamajongoo, Jang'ombe, na wanajua maji ya masika yanapita wapi. Waulizwe kabla mtaro wa kwanza haujachimbwa.