Bongo na Mfuo Uliopinda: Juu ya Kitenzi cha Kiingereza na Kiswahili cha Mudzipela

Mtu wa Dar es Salaam akifika Mudzipela, katika mji wa Bunia, akasikia mtu akiambiwa kwamba anasema bongo, huenda akadhani msemaji anasifiwa kwa akili. Kwake yeye bongo ni akili, na ndiyo iliyoupa mji wake, kisha Tanzania nzima, jina la utani. Bunia, bongo ni uongo.

Umbo hilo lina kanuni yake. Ngeli ambayo katika Kiswahili sanifu huchukua kiambishi u-, kama katika ulozi na unga, ilikuwa na bu- katika Kibantu cha kale. Pwani sauti b ilidondoka. Mashariki mwa Kongo husikika bulozi na bunga, na inaelekea kwamba lugha jirani zilizoihifadhi sauti hiyo, kama Kihema na Kinande, zimechangia. Bu- ikikutana na shina -ongo, huzaliwa bongo. Wanaoharakisha kukiita Kiswahili cha Bunia Kiswahili kilichoharibika wangefaa walitazame neno hili mara ya pili.

Hata hivyo, bongo halitoshi kufasiri kitenzi cha Kiingereza "prevaricate", ingawa mara nyingi hupewa kazi hiyo. Asili ya kitenzi hicho ni Kilatini. "Varus" alikuwa mtu mwenye miguu iliyopinda. "Praevaricari" ni kwenda kombo. Plinio Mkubwa, aliyeandika katika karne ya kwanza, asema kwamba mlimaji asipouinamia plau huupindisha mfuo, na kwamba kutoka shambani shutuma hiyo ilihamishiwa barazani pa hukumu. Huko Roma iliwahusu hasa washtaki waliopatana kwa siri na mshtakiwa ili aachiliwe. Mshtaki wa namna hiyo alisimama, akahutubu, pengine bila kutamka neno moja la uongo. Kosa lake lilikuwa kuuacha mstari.

Kiingereza kilikipokea kitenzi katika karne ya 16, na baadaye kikakielekeza kwenye usemi: kuzungukazunguka ili ukweli usisemwe. Kifaransa kilibaki karibu zaidi na Roma. "Prévarication" ni kosa la mwenye cheo anayeusaliti wajibu wake. Hapa ndipo mwanafunzi wa Bunia, aliyesomeshwa kwa Kifaransa, hujikwaa: akisoma sentensi ya Kiingereza juu ya waziri aliyekwepa swali, humfanya waziri huyo mhalifu. Kifaransa kinachofaa hapo ni "tergiverser", ambacho asili yake ni kugeuza mgongo.

Kiswahili hakina upungufu katika jambo hili. Kuzungusha maneno, kupindapinda maneno, kukwepa: vyote hulaumu njia ya usemi, wakati bongo hulaumu kilichosemwa. Kupinda, kwa bahati njema, ni taswira ileile ya mlimaji wa Plinio, bila Kiswahili kuikopa popote.

Tofauti hiyo si ya darasani tu. Katika kesi ya Thomas Lubanga mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague, iliyohusu watoto walioingizwa jeshini Ituri mwaka 2002 na 2003, mashahidi kadhaa walisema Kiswahili cha Kongo, na majaji waliwasikia kupitia wakalimani. Shahidi wa kwanza, tarehe 28 Januari 2009, aliyakana maelezo yake siku ileile aliyoyatoa. Baadaye alirudi kutoa ushahidi. Hukumu ya tarehe 14 Machi 2012 ilimtia Lubanga hatiani, lakini majaji walikataa kuutegemea ushahidi wa waliodaiwa kuwa watoto askari wa zamani, wakiona kwamba baadhi ya wapatanishi waliotumiwa na upande wa mashtaka huenda waliwashawishi mashahidi waseme yasiyo kweli.

Katika chumba cha namna hiyo, mkalimani anayefasiri "anazungusha maneno" kuwa "anasema uongo" ameongeza shtaka ambalo hakuna aliyelitoa. Shahidi anayezungusha anaweza kuulizwa tena, pole pole, mpaka aseme anachoogopa. Na kijana wa Ituri aliyekuwa akitazamwa na aliyekuwa kamanda wake alikuwa na cha kuogopa. Aliyekwisha kuitwa mwongo, swali linalofuata huwa si lake tena.