Sheria imeahidi, lakini pesa ziko wapi? Majimbo ya Marekani na ruzuku ya bima ya afya

Uzi kidogo. Hakuna majina ya wanasiasa wala vyama hapa, ni historia tu.

Kila bima ya afya ikijadiliwa kwa hii mitandao, hakosi mtu wa kusema, "Iko kwa sheria, lazima walipe." Wacha twende Marekani, ambako majimbo yalikuja kugundua kwamba kuandikwa kwa sheria na kutengewa pesa ni vitu viwili tofauti.

Sheria ya bima nafuu ya mwaka 2010 ilileta misaada miwili kwa watu wanaojinunulia bima wenyewe. Wa kwanza ulipunguza ada ya kila mwezi. Serikali kuu hulipa sehemu yake kupitia mfumo wa kodi. Wa pili ulipunguza kile mgonjwa wa kipato cha chini anatoa mfukoni akifika hospitalini: kampuni ya bima inampunguzia, halafu serikali kuu inairudishia kampuni pesa zake. Yote miwili ilianza Januari 2014.

Sasa sikiza tofauti. Msaada wa kwanza uliwekewa kifungu cha kudumu, pesa zinatoka kila mwaka bila Bunge kuombwa upya. Wa pili uliahidiwa wazi kabisa, lakini hakuna mahali palipotaja pesa zitoke mfuko gani. (Hata kwetu iko hivyo. Makato ya 2.75% ya mshahara yanakatwa mwezi ukiisha, upende usipende. Mfuko wa huduma za msingi, ule wa kulipia matibabu kwa zahanati, unangoja Bunge litenge pesa kwa bajeti.)

Serikali kuu ililipa tu hivyo hivyo. Mwaka 2014 Baraza la Wawakilishi likaenda kortini, na Mei 2016 jaji akakubaliana nalo kwamba huwezi kutumia pesa ambazo Bunge halijatenga. Uamuzi ukasimamishwa kungoja rufaa, malipo yakaendelea. Kisha utawala ukabadilika, na tarehe 12 Oktoba 2017 serikali kuu ikatangaza kwamba imeacha kulipa. Kampuni bado zilibanwa na sheria kumpunguzia mgonjwa gharama. Nani angebeba hilo pengo?

Kesho yake majimbo 18 pamoja na jiji la Washington yalikuwa kortini California. Tarehe 25 mwezi huo huo jaji akakataa kuamuru malipo yaendelee kesi ikisikizwa. Sababu yake ndiyo tamu: majimbo mengi yalikuwa yameshajitafutia njia nyingine.

Njia gani? Bima hizi zimepangwa kwa madaraja ya madini: shaba, silva, dhahabu, platinamu. (Nasema silva kwa sababu nikisema fedha mtadhani ni pesa.) Ruzuku ya ada hupimwa kwa bei ya bima moja tu, ile ya silva inayoshika nafasi ya pili kwa bei ya chini katika eneo lako. Kwa hivyo wasimamizi wa bima wa majimbo mengi waliziambia au waliziruhusu kampuni: lile pengo lote liwekeni kwa silva, madaraja mengine msiyaguse.

Bei ya silva ikapanda. Na silva ikipanda, ruzuku ya ada nayo inapanda yenyewe, na hiyo ndiyo yenye kifungu cha kudumu! Mlango umefungwa, pesa zikapitia dirishani. Mwenye kipato cha chini hakuhisi ada ikipanda, na wengine walipata ruzuku kubwa hadi bima ya shaba ikawa bure. Ofisi ya bajeti ya Bunge ilikuwa imeonya mapema, Agosti 2017, kwamba kusitisha malipo hayo kungeongeza nakisi ya serikali kuu kwa dola bilioni 194 kwa miaka 10. Yaani ukate ili uokoe, kisha ulipe zaidi. Aliyeumia ni mtu wa kipato cha kadiri asiyefikia masharti ya ruzuku, akanunua silva bila kuambiwa.

Lakini kuna majimbo mawili ambayo hilo dirisha halikuyafaa, na kwangu mimi hapa ndipo kuna funzo kubwa kuliko kwote. Minnesota, ambako Wakenya na Wasomali wengi wamehamia, ina mpango wake wa bima kwa wafanyakazi wa mapato madogo tangu 1992. Kuanzia 2015 Minnesota na New York zikaingia kwa mfumo maalum: jimbo linawahudumia watu hao lenyewe, nayo serikali kuu inalipa jimbo 95% ya ruzuku ambazo wangepata sokoni.

Mwaka 2017 Minnesota ikatoa pesa zake kusaidia kampuni kubeba wagonjwa wa gharama kubwa, ili ada zishuke kwa kila mtu. Ada zikashuka. Lakini fikiria: ada ikishuka, ruzuku inashuka, na 95% ya kitu kidogo ni kidogo zaidi. Jimbo liliomba lirudishiwe kile serikali kuu ilichookoa. Septemba likakubaliwa upande wa soko la kawaida, likanyimwa upande wa ule mpango wa mapato madogo. Limetoa pesa zake, bei imeshuka, na bado linakatwa.

Kabla halijapumua, Washington ikaondoa pia sehemu ya msaada wa pili kwa hesabu hiyo ya 95%. Watu wa mpango huu hawakuwa sokoni, kwa hivyo ujanja wa silva haungewaokoa. Januari 2018 New York na Minnesota zikashtaki pamoja. Mwaka huo huo zikapatana na serikali kuu, sehemu ya pesa ikalipwa, na fomula ikarekebishwa ihesabu bei ya silva iliyopanda.

Tukimbie hadi 2021. Ruzuku ya ada ikaongezwa kwa muda, kisha 2022 ikasongezwa hadi mwisho wa 2025. Walionunua bima wakatoka kama milioni 12 hadi karibu milioni 24. Safari hii tatizo lilikuwa tarehe, imeandikwa kwa sheria yenyewe. Oktoba 2025 serikali kuu ikafungwa kwa siku 43 kwa sababu ya mvutano huu, ikafunguliwa bila nyongeza kuongezwa muda. Tarehe 31 Desemba ikaisha.

Hapo hakuna fomula ya kuchezea. California ilitenga dola milioni 190 kuwakinga wa kipato cha chini zaidi, pesa ambazo hazikaribii zilizoondoka. New Mexico ikaamua kuziba pengo kwa mfuko wake. Nayo New York, ambayo 2024 ilikuwa imepanua mpango wake kwa watu wa kipato cha juu kidogo, iliomba kurudi kwa ule mfumo wa zamani wa 95%, maana pesa za huo mpya zilikuwa zimekatwa na sheria nyingine ya Julai 2025. Kurudi huko kunamaanisha watu wapatao 450,000 waliopata bima kupitia upanuzi watoke kwa mpango.