Namba na Mwenye Namba: Historia ya Kujitambulisha katika Ufipa

Kabla ya kuja kwa karatasi, mtu wa Ufipa alijulikana kwa watu. Aliyeshuka kutoka uwanda wa juu, akaupita mteremko wa Lyamba lya Mfipa na kuingia Milepa katika bonde la Ziwa Rukwa, hakudaiwa hati. Aliulizwa yeye ni wa nani, ametoka kijiji gani, na ni nani awezaye kumsemea. Utaratibu huu ulikuwa na kasoro zake, maana mgeni asiye na wa kumsemea alikuwa mtu wa mashaka. Walakini ulikuwa na sifa moja ambayo serikali na wataalamu wa baadaye wamehangaika kuirudisha: ushahidi wa mtu haukuweza kuibwa mfukoni mwake.

Serikali ya Wajerumani, iliyoitawala Ufipa kutoka boma la Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, ilileta ushahidi wa namna nyingine. Kodi ya nyumba iliamriwa katika mwaka wa 1897, na aliyelipa alipaswa kuwa na cha kuonyesha kwamba amelipa. Waingereza walioichukua nchi baada ya Vita Kuu ya kwanza waliiendeleza kodi hiyo na kuongeza kodi ya kichwa. Polepole stakabadhi ikapata kazi ambayo haikuandikwa juu yake. Aliyekutwa njiani hana stakabadhi alihesabiwa kuwa mkwepaji, hata kama kijiji kizima kilijua kuwa amelipa. Karatasi ilianza kusadikiwa kuliko watu. Desturi hii haikuondoka pamoja na ukoloni: kodi ya maendeleo, ambayo stakabadhi yake ilidaiwa vivyo hivyo, ilifutwa katika mwaka wa 2003.

Baada ya karatasi ikaja namba. Vijana waliotoka Ufipa kwenda kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga walijiunga na maelfu wa makabila mengine ambao waliandikwa kwa mkataba, na tangu mwaka wa 1944 kazi ya kuwakusanya ilifanywa na ofisi maalumu ya wenye mashamba, iliyoitwa SILABU. Kila mmoja alipewa namba, na kadi ya kipande ambayo siku zake za kazi zilitiwa alama. Lugha imeihifadhi habari hiyo kuliko majalada: watu hao waliitwa manamba, na neno hilo lilibaki kuwa la dharau muda mrefu baada ya mikataba yenyewe kwisha. Katika Kenya kipande kilikuwa kikali zaidi. Sheria yake ilitungwa mwaka wa 1915 na ikaanza kutumika baada ya vita. Mwanamume Mwafrika alikichukua kikiwa na alama za vidole vyake ndani ya kikasha cha bati, mara nyingi kikining'inia shingoni, na chuki ya kipande ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomwinua Harry Thuku katika mwaka wa 1921. Basi si ajabu kwamba katika Afrika ya Mashariki namba ya serikali haikupokewa kwa shangwe. Hata Huduma Namba ya Kenya, iliyoanza kuandikishwa mwaka wa 2019, ilisimamishwa mahakamani zaidi ya mara moja, na hoja kubwa ilikuwa usalama wa habari za watu.

Wakati huo huo, mbali sana na Rukwa, mafundi wa kompyuta walikuwa wakikutana na swali lile lile kwa sura nyingine. Katika mwaka wa 1961 chuo cha MIT cha Marekani kilionyesha mtambo ambao watu wengi waliutumia kwa zamu, na ili kila mmoja afungue majalada yake tu, Fernando Corbató na wenzake walimpa kila mtu neno la siri, hilo ambalo leo twaliita nywila. Halikukaa salama hata miaka miwili. Katika mwaka wa 1962 mwanafunzi mmoja, Allan Scherr, aliyetaka saa zaidi za kuutumia mtambo, alichapisha orodha nzima ya maneno ya siri ya wenzake. Dawa iliyobuniwa chuoni hapo baada ya miaka ishirini na zaidi iliitwa Kerberos, kwa jina la mbwa wa vichwa vitatu wa hekaya za Wayunani. Mtu hujitambulisha mara moja kwa mlinzi mmoja, akapewa tiketi. Kisha kila mlango mwingine huitazama tiketi tu. Neno la siri halitajwi tena. Mifumo mingi ya leo, ambayo kwayo mwanafunzi hufungua maktaba, barua na matokeo yake kwa kuingia mara moja, imejengwa juu ya wazo hilo.

Tanzania ilikuwa na milango mingi na walinzi wengi. Mtu alikuwa na kadi ya mpiga kura, leseni, cheti cha ubatizo, barua ya mtendaji wa kijiji. Kila ofisi ilisadiki yake. Sheria ya kuandikisha na kutambua watu ilipitishwa mwaka wa 1986, lakini mamlaka ya kuitekeleza, NIDA, iliundwa mwaka wa 2008, na vitambulisho vya kwanza vikatolewa mwaka wa 2013. Namba yake ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Hapa pana jambo dogo lenye maana kubwa. Mzee aliyezaliwa kijijini bila cheti, ambaye umri wake ulikumbukwa kwa njaa au kwa mwaka wa nzige, alilazimika kuchagua siku moja. Na siku hiyo ya kukisia ndiyo leo mwanzo wa jina lake mbele ya serikali.

Mwaka ule ule wa 2008 M-Pesa iliingia Tanzania, na benki ikafika mahali ambapo haikuwahi kuwa na jengo. Mlango wake ulikuwa tarakimu nne za siri. Lakini siri ya kijijini ni ya namna yake: bibi asiyesoma humpa mjukuu simu na namba pamoja, au humnong'oneza wakala mbele ya foleni. Hakuna upumbavu hapo. Ni desturi ya zamani ya kusemewa na mtu unayemwamini, iliyoingizwa katika chombo kisichoifahamu.

Serikali ilitafuta ufunguo usionong'onwa. Tangu tarehe 1 Mei, 2019, laini za simu ziliandikishwa upya kwa namba ya NIDA na alama za vidole, na baada ya tarehe 20 Januari, 2020, ambazo hazikuandikishwa zikaanza kufungwa. Mkulima ambaye jembe limeisugua mistari ya vidole vyake alijaribu kidole baada ya kidole. Wengi walipata namba kabla ya kadi, wakaitunza kwenye kipande cha karatasi. Neno kipande limerudi bila kualikwa.

Ilitarajiwa kwamba utapeli ungekwisha, kwa kuwa kila laini sasa ina mwenyewe. Haukwisha. Katika taarifa za mamlaka ya mawasiliano, TCRA, za miaka ya 2023 na 2024, Rukwa na Morogoro ndiyo mikoa iliyotajwa mbele kwa majaribio ya ulaghai wa simu, ule wa ujumbe unaomwambia mtu aitume ile pesa kwenye namba hii. Sifa hiyo mbaya imewaangukia watu wa mkoa mzima, na wengi wao ni wenye kudhulumiwa. Mwandikishaji mwenye hila humwambia mtu abonyeze tena, kwamba alama haikusoma. Mbonyezo wa pili huzaa laini ya pili, na laini hiyo huuzwa. Hivyo mwizi hutembea na jina safi, na mwenye jina hubaki na kesi.

Kosa hapa si la kuwa na ufunguo mmoja. Kosa ni kudhani kwamba alama ya kidole ni siri. Nywila ikiibwa hubadilishwa, kidole hakibadilishwi. Njia ambayo kampuni kubwa za kompyuta zilikubaliana kuieneza mwaka wa 2022 imeliona hilo: kidole hufungua simu ya mwenyewe tu, na ndani ya simu mna ufunguo wa hesabu ambao mlango wa mbali haupati nakala yake. Lakini njia hiyo yataka simu ya bei, na katika bonde la Rukwa simu ndogo ya vitufe, iitwayo kitochi, bado inafanya kazi kubwa.

Sheria ya kulinda taarifa binafsi ilipitishwa mwaka wa 2022 na kuanza kutumika Mei, 2023. Kwa mtu wa Milepa, ulinzi ulio karibu zaidi ni kubonyeza *106#, kuzitazama namba zilizoandikishwa kwa jina lake, na kama imo asiyoijua, kuupanda mteremko hadi Sumbawanga akiwa na kitambulisho chake, ili aikane.