Vyama Viwili Katika Nchi ya Fizi

Mwaka 1967 vilizaliwa vyama viwili vya siasa, na vyote viwili vilitaka kuwatawala watu wale wale wa Fizi na Baraka. Cha kwanza ni MPR, chama cha Rais Mobutu, kilichotangaza ilani yake pale N'Sele, karibu na Kinshasa, tarehe 20 Mei. Cha pili ni PRP, yaani Chama cha Mapinduzi ya Watu, kilichoundwa na Laurent-Désiré Kabila na wenzake katika milima ya Fizi, tarehe 24 Desemba. Yafaa tuitazame habari ya vyama hivi, maana inatufundisha neno moja kubwa: chama kikitaka kutawala mji au kijiji, ni kitu gani kitangulie?

Kwanza tukumbuke hali ya nchi wakati ule. Mwezi wa Mei 1964 waasi waliuteka Uvira, na muda si mrefu pwani ya ziwa Tanganyika ikawa mikononi mwa Simba. Damu nyingi ilimwagika. Tarehe 28 Novemba 1964 padre Luigi Carrara na bruda Vittorio Faccin waliuawa Baraka, na siku ile ile padre Giovanni Didonè na abe Albert Joubert waliuawa Fizi. Kanisa liliwatangaza wote wanne kuwa wenye heri, pale Uvira, tarehe 18 Agosti 2024. Mwezi wa Aprili 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma, akafuatwa na Wakuba wenzake, ili kuwasaidia waasi. Mwezi wa Novemba akarudi alikotoka bila ushindi. Mwaka huo huo askari wa serikali pamoja na askari wa kukodiwa wa Mike Hoare waliiteka tena Baraka.

Basi, Kabila na wenzake walipoanza upya, walifanya jambo ambalo vyama vichache hulifanya. Hawakuanza kwa kujisifu, bali walihesabu makosa ya uasi uliopita, wakapata saba, nao wakayafundisha kwa wafuasi wao. Walisema kwamba mapinduzi ya kwanza hayakuwa na shabaha iliyo wazi. Kwamba yalitegemea mno msaada wa wageni. Kwamba ukabila uliwagawanya watu. Kwamba wapiganaji hawakuwa na nidhamu, wala hawakupatana na wakubwa wao. Kwamba viongozi waligombea vyeo kabla ya kushinda. Na kwamba hapakuwa na chama cha kuongoza umati. Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na mtu wa Fizi aliyeyasikia aliyajua kwa macho yake mwenyewe.

Baada ya kuhesabu makosa, PRP ilipanga kazi. Makao yake iliyaita Hewa Bora. Huko milimani ilijaribu kuwa kama serikali: mashamba ya pamoja yalilimwa, shule zikafunguliwa, na wagonjwa wakatafutiwa dawa. Tusilidharau jambo hilo. Chakula, shule na dawa ndivyo vitu ambavyo kila mama wa kijiji angevitaja vya kwanza kama angeulizwa.

Wakati huo huo, katika vituo na miji, MPR ilitawala kwa namna yake. Kufuata katiba ya mwaka 1974 kila raia wa Zaire alikuwa mwanachama tangu kuzaliwa kwake, apende asipende. Mkuu wa zoni alikuwa pia mkuu wa chama katika zoni yake. Hivyo mwananchi aliyetaka kuishitaki serikali kwa chama, alimkuta mtu yule yule katika kiti kile kile. Watu walitolewa kwenye salongo, kazi ya bure ya kusafisha barabara na kulima. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalikatazwa. Mwisho wa mwaka 1974 shule za misioni zilichukuliwa na serikali, nazo zikarudishiwa madhehebu mwaka 1977, kwa kuwa serikali ilishindwa kuziendesha vizuri. Hapo twaona chama kilichotanguliza majina na nyimbo za kumsifu mkuu, kikaacha nyuma barabara na mshahara wa mwalimu.

Je, chama cha milimani kilifaulu kuliko cha mjini? Hapana. Dhahabu na pembe za ndovu zilivushwa ziwani kwa magendo, na faida yake haikusomwa mbele ya wanakijiji. Tarehe 19 Mei 1975 watu wa PRP walivuka mpaka Gombe, upande wa Tanzania, wakawateka wanafunzi wanne wageni waliokuwa wakichunguza habari za sokwe. Fedha zikalipwa, na wanafunzi wakaachwa huru mwaka ule ule. Chama kilichosema kisitegemee wageni kikawa sasa kinatafuta fedha kwa kuwauza wageni kwa jamaa zao. Mwezi wa Novemba 1984 wapiganaji wake waliuteka mji wa Moba. Jeshi likawafukuza kwa siku chache. Mwaka 1985 wakajaribu tena, wakashindwa. Baada ya hapo nguvu ya chama milimani ikafifia.

Sasa tutafute sababu. Wengine husema: ni watu wabaya tu. Lakini jibu hilo halitoshi, kwa sababu mpango wa kwanza wa PRP ulikuwa na mema ndani yake. Sababu naiona hivi. Mkuu wa MPR aliwekwa na Kinshasa, basi aliiogopa Kinshasa. Mkuu wa PRP alipata nguvu yake katika bunduki na biashara, basi alizilinda bunduki na biashara. Hakuna hata mmoja aliyepaswa kusimama mbele ya mkulima au mvuvi na kusema: "Nilipokea kiasi hiki, nilikitumia hivi." Shule inayotolewa kama zawadi yaweza kunyang'anywa siku moja. Shule ambayo wenyeji wanajua hesabu yake ni vigumu kuinyang'anya.

Mwaka 1996 PRP iliingia katika umoja wa AFDL, na tarehe 17 Mei 1997 Kabila akawa Rais. Mwaka 1999 aliuvunja umoja huo, akaunda Kamati za Nguvu ya Umma, ambazo zilipaswa kuwapo mpaka mitaani na vijijini. Jina lilikuwa zuri, lakini amri ilitoka juu kama zamani. Tarehe 16 Januari 2001 aliuawa.

Mwaka 2013 serikali iliipa Baraka cheo cha mji. Sheria ya mwaka 2008 inasema mji uwe na baraza lake na meya wake, na kwamba usafi, masoko na njia za mji ni kazi yake. Lakini uchaguzi wa madiwani wa komini, uliofanyika mwezi wa Desemba 2023, ulifika sehemu chache tu za nchi. Kwa hiyo somo la Fizi halijazeeka.

Msomaji mpenzi, siku chama chochote kitakapokuja kuomba kura yako kwa ajili ya mji, usikiulize tu kama kitajenga soko na daraja. Vyama vyote husema ndiyo. Kiulize pia: ushuru wa soko utasomwa wapi, na lini? Mama anayeuza ndakala anaweza kumwita nani akionewa? Na tukiona kazi imeharibika, tutakuondoa kwa njia gani bila damu kumwagika? Chama kisichoweza kujibu swali hilo la tatu, hata kikihesabu makosa ya wengine saba, kitayarudia yote.