Kutoka Fimbo ya Wanyanga hadi Batri ya Korali

Mwindo alizaliwa na baba asiyetaka mtoto wa kiume. Shemwindo, mkuu wa Tubondo, alimrushia mikuki, haikumpata. Akamzika, mtoto akarudi nyumbani. Mwishowe akaamuru gogo lichongwe na kutobolewa, mtoto atiwe ndani, ngozi iwambwe juu yake na ngoma itupwe mtoni. Ngoma haikubaki chini ya maji. Ilielea huku mtoto akiimba ndani yake, hadi ikafika kwa shangazi yake Iyangura, naye akaipasua ngozi na kumtoa akiwa hai.

Hii ni hadithi ya Wanyanga wa Walikale, na sijui hadithi nyingine ambamo ngoma imekusudiwa kuwa jeneza ikageuka mtumbwi. Mwaka 1956 Shekarisi Candi Rureke aliisimulia mbele ya mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck kwa siku 12. Aliimba, akacheza, akaigiza. Na ala iliyobeba mdundo wa utendi huo mzima haikuwa ngoma ya ngozi. Ilikuwa fimbo moja iliyolazwa juu ya vijiti, vijana wakiigonga kwa pamoja. Siku 12 kwa fimbo moja! Kila ninapowasikia vijana wakilalamika kwamba hawawezi kuanza kupiga kwa sababu hawana vyombo, namkumbuka Rureke na wagongaji wake.

Kutoka huko kwa Wanyanga tuje Shasha, kijiji kilicho upande wa pili wa Masisi, mbali na misitu ya Walikale. Ukitoka Sake kwa barabara ya taifa namba 2 kwenda Minova, ziwa Kivu likiwa mkono wako wa kushoto, utapita hapo. Ni nchi ya unyevu, na unyevu ni adui wa ngozi. Ngozi ikinyonya maji hulegea na sauti hufa, ndiyo maana mpigaji huisogeza ngoma yake karibu na moto au kuianika juani kabla ya shughuli. Wapigaji wa Ulaya na Marekani nao walisumbuliwa na ngozi za ndama kwa namna hiyohiyo, mpaka miaka ya 1950 zilipoingia ngozi za plastiki zisizojali mvua.

Wakati huo dramu yenyewe, ambayo sisi wa Kivu tunaiita batri, ilikuwa na umri wa miaka hamsini tu. Katika bendi za barabarani mmoja alibeba ngoma kubwa, mwingine ngoma ndogo yenye nyaya chini yake, mwingine matoazi. Bendi hizo zilipoingia ndani ya kumbi, nafasi ilikuwa finyu na pesa chache. Mwaka 1909 William Ludwig wa Chicago alianza kuuza kikanyagio cha kupigia ngoma kubwa kwa mguu, na mtu mmoja aliyeketi akaweza kufanya kazi ya watatu. Matoazi mawili ya mguu wa kushoto, yanayokutana na kuachana, yalifuata katika miaka ya 1920.

Kwetu batri haikupewa heshima mara moja. African Jazz ya Kabasele na OK Jazz ya Franco, bendi za miaka ya 1950, zilitembea kwa tumba, zile ngoma ndefu za mikono zilizorudi kwetu kwa njia ya Kuba. Aliyegeuza mambo ni Zaiko Langa Langa, iliyoanzishwa Kinshasa mwezi Desemba 1969. Vijana hao waliacha tarumbeta na saksofoni, wakaiweka ngoma ndogo mbele. Mpigaji wao Meridjo Belobi ndiye anayehusishwa na mdundo wa kavasha, ulioitwa pia "machine ya Kauka", na inasimuliwa kwamba aliupata kwa kusikiliza mwendo wa treni. Usikilize vizuri: mkono unakimbia bila kupumzika, na mguu unaweka nukta chache tu. Kavasha ilivuka mipaka hadi Nairobi, ambako bendi za Wakongo kama Super Mazembe na Les Mangelepa ziliwachezesha Wakenya miaka ya 1970. Sebene ya leo, ile sehemu ya wimbo ya kucheza, bado inakimbia juu ya reli hizo.

Kanisani safari ya ngoma ilikuwa ndefu zaidi. Wamisionari wengi waliiona ngoma kuwa chombo cha mizimu na kuizuia mlangoni. Kwa Wakatoliki mlango ulifunguliwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, na mwaka 1988 Roma ikaidhinisha misa ya majimbo ya Zaire, misa ya ngoma na kucheza. Inaniuma kuona mahali pengine ngoma ya ngozi, iliyongoja mlangoni miaka yote hiyo, sasa inawekwa stoo kwa sababu batri imenunuliwa.

Mwanzoni mwa 2024 vita vilifika Shasha na kuikata barabara ya Minova. Mtu akikimbia hubeba mtoto na sufuria. Batri ya vipande vitano na stendi zake za chuma haibebeki mgongoni.

Kwa hiyo korali inayochanga pesa isihangaikie seti kubwa inayong'aa. Inunue vitu vitatu vilivyo imara: ngoma kubwa ya mguu, ngoma ndogo ya nyaya, na matoazi ya mguu. Kavasha nzima inapigika kwa hivyo vitatu. Ichague ngozi za plastiki, kwa sababu ya mvua. Ngoma za katikati na matoazi makubwa yatakuja baadaye. Na pembeni ya batri hiyo, mwekeeni kiti mzee anayejua ngoma ya ngozi, kijana wa batri akae akimsikiliza mikono.