Kinengenenge wa Pemba

Kinengenenge wa Pemba (Zosterops vaughani) ni ndege mdogo wa familia Zosteropidae anayeishi Kisiwani Pemba na visiwa vidogo vya jirani tu. Mtaalamu wa ndege Mwingereza, David Bannerman, alimwelezea kisayansi mwaka 1924. Jina la spishi linamtaja J. H. Vaughan, aliyechunguza ndege wa Unguja na Pemba.

Umbo. Urefu wake ni takriban sentimita 10. Mgongo ni wa kijani-manjano, tumbo na paji ni manjano angavu. Jicho limezungukwa na pete ya manyoya meupe, na kati ya jicho na domo pana weusi. Dume na jike hufanana.

Mwenendo. Hutembea kwa makundi, wakiitana kwa sauti nyembamba huku wakipekua majani na vitawi. Hula wadudu, matunda madogo na mbochi wa maua. Huonekana katika Msitu wa Ngezi, kaskazini-magharibi mwa kisiwa, lakini pia vichakani, bustanini na kwenye mashamba ya mikarafuu.

Asili. Unguja ilikuwa sehemu ya bara wakati wa enzi ya barafu, kwa kuwa mkondo unaoitenganisha na bara una kina cha makumi ya mita tu. Mkondo wa Pemba una kina cha takriban mita 800, hivyo bahari iliposhuka Pemba ilibaki kisiwa. Utengano huo wa muda mrefu ndio ulioipa Pemba spishi zake za pekee: pamoja na kinengenenge, wapo chozi wa Pemba (Cinnyris pembae), ninga wa Pemba (Treron pembaensis) na bundi mdogo wa Pemba (Otus pembaensis). Ndugu za kinengenenge wa jenasi Zosterops wameenea bara, hadi misitu na miombo ya nyanda za juu za Ufipa mkoani Rukwa. Jenasi hiyo inajulikana kwa kuzaa spishi mpya upesi kuliko karibu ndege wote, hasa visiwani.

Hifadhi. Sehemu kubwa ya misitu ya asili ya Pemba ilifyekwa kupisha mikarafuu na mazao mengine. Kinengenenge, kwa kuwa hategemei msitu mnene, amestahimili mabadiliko hayo, na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) limemworodhesha miongoni mwa spishi zisizo na wasiwasi mkubwa.